Kulala Wasini: Kuchagua Mahali pa Fungate Kusini mwa Pwani ya Kenya

Wasini ni kisiwa cha mawe ya matumbawe katika Kaunti ya Kwale, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, karibu na mpaka wa Tanzania. Urefu wake ni kilomita 5 hivi na upana wake kilomita 1. Kati yake na kijiji cha Shimoni, kilicho bara, pana mkondo mwembamba ambao mashua ya injini huuvuka kwa robo saa hivi. Kisiwani hakuna gari. Njia zake ni za miguu, na kelele kubwa inayosikika mchana ni ya injini za mashua zinazoleta wageni.

Wengi wa wageni hao huja na kuondoka siku hiyo hiyo. Hutoka kwenye hoteli za Diani, kaskazini, asubuhi, hushuka Shimoni, huvuka kwenda kuogelea kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Kisite, kisha hurudi Wasini adhuhuri kula kaa, samaki na wali wa nazi. Jua linapoanza kupunga wamekwisha kuondoka. Kwa hiyo Wasini iliyo midomoni mwa watu ni Wasini ya chakula cha mchana, yenye meza ndefu na watu wengi, na wapo wanaoapa kwamba kisiwa hicho hakina utulivu. Hawakusema uongo kuhusu walichokiona. Ila siku ya kisiwa ina saa nyingine nyingi, za alasiri, za usiku na za alfajiri, na makala haya yanahusu wawili wanaozitaka hizo: waliooana juzi, au waliooana miaka thelathini iliyopita, wanaotafuta chumba kando ya bahari pasipo zogo.

Hoteli, pwani, fungate

Maneno haya matatu yanafaa kuwekwa sawa kwanza, maana kila moja lina jambo linalomsaidia anayechagua.

Hoteli, kwa matumizi ya kila siku nchini Kenya, ni mahali pa kula. Anayeshuka Shimoni akauliza hoteli iko wapi ataonyeshwa penye chai na mahamri. Mahali pa kulala huitwa gesti, loji, banda, kambi au nyumba ya kupanga, kulingana na ukubwa na bei. Shimoni na Wasini hakuna majengo makubwa yenye vyumba mia kama ya Diani. Kuna loji ndogo, mabanda machache na nyumba za wenyeji zinazopokea wageni. Nchini Kenya nyota za hoteli hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, iliyoundwa chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, kwa kufuata vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Vigezo hivyo hupima majengo, vifaa na huduma, na ni vipimo vizuri kwa kazi yake. Lakini hakuna nyota ya ukimya. Hoteli yenye muziki ukumbini kila usiku inaweza kuwa na nyota tano kwa haki kabisa, na banda la makuti lisilo na nyota hata moja likawa ndilo mnalolitafuta.

Pwani ni neno lililotokana na kupwa. Ni mahali ambapo maji hupwa, yaani yale mawe na mchanga ambao bahari huuacha wazi kisha ikaurudia. Wahenga waliolibuni neno hili hawakuwa wakifikiria mstari uliochorwa kwenye ramani. Walikuwa wakitaja mahali panapotokea na kutoweka, mara mbili kwa siku. Anayelipia chumba “pwani” analipia mahali pa namna hiyo, na asipolijua hilo atashangaa asubuhi atakapofungua dirisha na kuikuta bahari imekwenda mbali.

Fungate ni zile siku saba baada ya harusi, ambazo bwana na bibi harusi hukaa ndani wakihudumiwa, bibi harusi akiwa na somo wake, yaani kungwi, karibu. Leo neno hilo limechukua maana ya safari ya waliooana. Lakini mantiki yake ya zamani bado ni nzuri: wawili hutengwa na kazi na wageni, huletewa chakula, na hawaulizwi ratiba. Mahali pa fungate panapaswa kupimwa kwa kipimo hicho. Wanandoa wakilazimika kila asubuhi kuamka saa kumi na mbili kuwahi basi la matembezi, hiyo ni safari nzuri tu, lakini fungate haikuwa.

Kutoka Tiwi hadi Funzi

Kabla ya kuamua kulala Wasini, ni vyema kujua yaliyopo njiani, kwa sababu pwani ya kusini si ufuo mmoja. Tiwi, kaskazini mwa Diani, ina nyumba ndogo ndogo zilizotawanyika na vidimbwi vya maji ya bahari ambavyo huonekana maji yakipwa. Panapokutana Tiwi na Diani, kwenye mdomo wa mto Mwachema, umesimama msikiti wa kale wa Kongo katikati ya mibuyu, na upande huo wa ufuo huwa na watu wachache kuliko katikati ya Diani.

Diani yenyewe ndiyo yenye mchanga mweupe, mlaini kama unga, na ndiyo yenye umati. Kuna wapenzi wa utulivu wanaoiepuka Diani kabisa kwa sababu ya vijana wa ufuoni, wale waitwao bichi boi, wanaouza matembezi, vinyago na safari za mashua. Ieleweke kwamba hoteli haina mamlaka ya kuufunga ufuo. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 62, inaitaja ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Pwani ni ya wavuvi na watoto wa Ukunda, mji wa jirani, kama ilivyo ya mgeni. Anayetaka ufuo wenye watu wachache hana haja ya kutafuta ulinzi mkali, atafute umbali. Kadiri mtu anavyokwenda kusini, kuvuka Galu hadi Kinondo, ndivyo hoteli zinavyopungua na miti kuongezeka. Hapo Kinondo upo msitu mtakatifu wa Wadigo, Kaya Kinondo, mmojawapo wa misitu ya kaya za Mijikenda iliyotiwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Wenyeji huwapokea wageni na kuwatembeza ndani kwa masharti ya kaya, na saa moja chini ya miti ile inatosha kumfundisha mtu ukimya ni kitu gani.

Diani ina jambo moja la mahaba ambalo halipatikani Wasini: mgahawa wa Ali Barbour's, ulio ndani ya pango la asili la matumbawe, tangu 1983. Wageni hula chini ya ardhi huku nyota zikionekana kupitia matundu ya mwamba. Wanaolala kusini zaidi wanaweza kupanga usiku mmoja wa Diani kwa ajili ya hapo tu.

Kilomita 10 hivi kusini mwa Diani kipo kisiwa cha Chale, chenye hoteli moja, The Sands at Chale Island. Maji yakijaa wageni huvushwa kwa mashua. Yakipwa huvushwa kwa trekta. Baadaye huja Gazi yenye mikoko na daraja la mbao la kina mama, kisha Msambweni, ambako ufuo una kingo za mawe na nyumba za kifahari za kupanga zilizo mbali moja na nyingine, na watu wachache sana ufuoni. Kwa wawili wenye uwezo wa kifedha wanaotaka mchanga na upweke kwa pamoja, Msambweni ni jibu zuri kuliko Diani na, kwa upande wa mchanga, kuliko Wasini. Funzi ni kisiwa cha mikoko karibu na mdomo wa mto Ramisi, penye mamba mtoni. Ni mahali pa wapenda ndege na mashua za polepole.

Wasini yenyewe

Hapa ndipo penye ukweli unaopaswa kusemwa mapema: Wasini si kisiwa cha mchanga. Ni jiwe. Ufuo wake kwa sehemu kubwa ni mwamba uliochongwa na maji, wenye ncha, na mikoko hapa na pale. Mchanga upo kwa vipande vidogo, na vingine hufunikwa maji yakijaa. Mwenye ndoto ya kutembea kilomita tatu pekupeku akiwa ameshika mkono wa mpenzi wake ataumia miguu na moyo. Aende Galu.

Badala ya mchanga, Wasini ina kuketi. Baraza ya jiwe juu ya maji, mkeka, kahawa chungu, na mashua zinazopita mkondoni karibu kiasi cha kusikia mazungumzo ya mabaharia. Upande wa kaskazini unaangalia mkondo na Shimoni, nao umekingwa. Maji yake huwa kama ya ziwa hata siku ambazo bahari kuu inachafuka. Upande wa kusini unaangalia bahari wazi, visiwa vya Mpunguti na Kisite, na mbali zaidi Mkondo wa Pemba. Chumba cha kaskazini ni cha wanaopenda kutazama watu wakipita, cha kusini ni cha wanaopenda kusikia bahari ikipiga mwamba usiku kucha. Wapo wasioweza kulala kwa sauti hiyo, na wapo wasioweza kulala pasipo hiyo. Heri wawili waulizane kabla ya kulipa.

Vijiji vikubwa ni viwili. Magharibi ni Wasini, mji wa Wavumba, watu wenye lahaja yao ya Kivumba na kumbukumbu ya madiwani waliotawala kutoka Vumba Kuu, karibu na Vanga ya leo. Mashariki ni Mkwiro, ambako husikika Kichifundi. Kijia kinachopita msituni juu ya mawe huviunganisha, mwendo wa saa moja hivi kwa miguu. Wageni wa mchana hushukia zaidi upande wa Wasini. Mkwiro, kwa hiyo, ni kimya zaidi saa sita mchana, na ndiko jua linakochomoza baharini. Wasini hupata machweo na ndiyo yenye mambo mengi ya kuona. Humo kuna magofu, kaburi la kale lililopambwa kwa vyombo vya kaure vya Kichina, na bustani ya matumbawe.

Bustani hiyo inastahili maneno zaidi. Ni uwanja wa matumbawe makavu, yaliyokuwa chini ya bahari zama za kale, yakibaki yamesimama katika maumbo ya ajabu, kijivu, marefu kupita mtu. Katikati yake hukua mikoko na majani ya mwani, na maji ya bamvua, yaani ya kujaa sana, huingia hadi ndani yakapita chini ya daraja la mbao. Daraja hilo na bustani husimamiwa na kikundi cha kina mama wa Wasini, ambacho mapato yake husaidia mahitaji ya kijiji. Wageni wa mchana huipita bustani kwa dakika ishirini, wakiongea. Anayelala kisiwani aende alasiri wao wakiwa wameondoka, siku ambayo maji yanajaa, akae kwenye daraja asubiri. Maji huja bila sauti, chini ya mbao, na yale mawe yanaonekana kama yamerudishiwa kitu chao.

Maji kujaa na kupwa

Katika yote ambayo mtu anaweza kuyaangalia kabla ya kuweka nafasi, hakuna lenye faida kama kalenda ya mwezi. Hili halimo katika matangazo ya hoteli. Karibu picha zote za matangazo hupigwa maji yakiwa yamejaa.

Bahari ya pwani hii hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa siku moja na dakika 50 hivi; yaani kila siku saa za maji husogea mbele kwa dakika hizo 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya juu na chini hukaribia mita 4. Katikati ya vipindi hivyo, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana.

Watu wa bara wengi hulijua hilo kwa juujuu. Wasilolijua ni kwamba saa za bamvua katika pwani hii hazibadilikibadiliki ovyo. Siku za bamvua, maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku, na hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri. Siku za maji mafu ni kinyume: maji yamejaa saa nne asubuhi na yamepwa saa kumi alasiri. Basi anayejua mwezi utakavyokuwa siku ya harusi yake anaweza kujua, miezi mingi kabla, bahari itakuwa wapi wakati wa staftahi na wakati wa machweo.

Faida zake ni za kila namna. Wanaotaka kuoga baharini jioni, kabla ya chakula cha usiku, waje siku za bamvua. Wanaotaka maji mbele ya chumba asubuhi waje siku za maji mafu. Kisite kina fungu la mchanga ambalo hujitokeza maji yakipwa. Bamvua ya asubuhi ndiyo saa yake, na mashua ikiwahi kabla ya zile za Diani, wawili hukuta mchanga usio na nyayo. Diani nako, asubuhi ya bamvua, maji hurudi nyuma hadi karibu na mwamba, na mtu hawezi kuogelea bali anaweza kutembea hadi mahali ambapo jioni pangemzamisha.

Kwa upande wa Wasini, bamvua ina madhara mawili. Gati na ngazi za mawe zinazofikika kwa urahisi maji yakijaa huwa juu na zenye utelezi yakipwa, na mgeni mwenye masanduku makubwa hulazimika kubebewa juu ya mawe. Tena mkondo kati ya kisiwa na Shimoni huenda kwa nguvu maji yanapobadilika. Hata muogeleaji hodari asijaribu kuuvuka. Viatu vya mpira vya kuingilia baharini ni lazima kwa kila mtu, kwa sababu ya ncha za mawe na wale viumbe wenye miiba mirefu myeusi wanaojificha kwenye mianya.

Kusi na kaskazi

Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi. Ni majira ya joto, bahari safi na mashua nyingi. Mwisho wa Desemba pwani nzima hujaa familia zilizo likizoni, na anayetaka ukimya akae mbali na wiki hizo. Februari na mwanzo wa Machi ni bora zaidi: joto kali, lakini maji hung'aa hadi chini.

Kusi hushika kuanzia Aprili, huja na mvua za masika, na hupiga kwa nguvu zaidi Juni hadi Agosti. Mwani hurundikana kwenye fukwe za Diani, bahari wazi huchafuka, na baadhi ya hoteli hufunga Aprili na Mei. Bei hushuka. Wengi huogopa majira haya, lakini mimi naona wanayaogopa kupita kiasi, hasa kwa Wasini: upande wa kaskazini wa kisiwa hukaa shwari, usiku ni wa baridi nzuri, na kuanzia Julai hadi Septemba nyangumi wenye nundu hupita mwambao huu. Inahitaji bahati na nahodha mwenye subira, lakini wawili waliomwona nyangumi akitoka majini hawatahitaji kununua ukumbusho dukani. Oktoba, kusi ikiwa imechoka na kaskazi haijaanza, ndio mwezi ambao ningemchagulia ndugu yangu.

Kuuliza kabla ya kulipa

Utulivu wa chumba hautengenezwi na mwenye chumba peke yake. Sehemu kubwa hutokana na kilicho ng'ambo ya ukuta. Kwa hiyo maswali ya kumuuliza mwenye loji au gesti yaelekee huko. Umeme unatoka wapi, na kama ni jenereta, imewekwa wapi na huzimwa saa ngapi? Kwenye sola, feni itazunguka hadi alfajiri? Kundi la wageni wa mchana hula hapo hapo, na huondoka saa ngapi? Shimoni, ambako katika miaka ya karibuni kumekuwa na ujenzi wa bandari ya uvuvi, chumba kiko umbali gani na gati? Boti za kuvua samaki wakubwa wa Mkondo wa Pemba nazo huwasha injini mapema sana. Uvuvi huo una historia ndefu: mwandishi Ernest Hemingway alikuwa kwenye kambi ya uvuvi ya Shimoni mwaka 1954, wala hakupata utulivu, kwani aliungua akijaribu kuzima moto wa msituni.

Swali la maji matamu ndilo zito kuliko yote. Wasini haina mto wala chemchemi. Jiwe halihifadhi maji, na visima vyake ni vya chumvi. Kwa vizazi vingi watu wamekinga mvua katika mabirika, na mvua ikikosekana wameleta maji kwa mashua kutoka bara. Mgeni anayeoga kwa dakika ishirini anaoga maji ambayo mtu aliyabeba. Nisingemshauri yeyote kuchagua chumba cha Wasini kwa sababu ya bafu kubwa. Ndoo ya maji ya mvua na kata inatosha, na nywele huwa laini kuliko zikioshwa kwa maji ya mjini.

Neti isiwe na matundu, maana malaria ipo. Hospitali kubwa ya karibu ni ya rufaa ya kaunti, Msambweni, na kuifikia usiku kunahitaji mashua na gari. Mwenye ujauzito au maradhi ya kudumu aliweke hilo akilini na pengine achague Msambweni au Diani.

Adabu ya kisiwa

Wasini ni mji wa Waislamu, na wanaoishi humo hawakuhamia kwa ajili ya wageni. Adhana ya alfajiri itasikika. Wapo wageni wanaoilalamikia, na hilo linanisikitisha, kwani sauti moja ya mtu juu ya maji, kabla ya jogoo na kabla ya injini, ni sehemu ya ukimya wa mahali hapa. Nguo za kuogelea ni za baharini na kwenye loji. Kijijini mwanamke ajifunge leso au dera, mwanamume avae shati. Kubusiana njiani na kunywa pombe vijijini ni kuwavunjia watu heshima. Si ajabu mwenye nyumba ya kupokea wageni kuuliza kama nyinyi ni mke na mume. Mzee huamkiwa shikamoo, na picha ya mtu huombwa ruhusa. Mwezi wa Ramadhani chakula cha mchana huwa haba, lakini usiku kisiwa huwa macho, na wawili watakaokaribishwa kufuturu kwa uji, tende na viazi vya nazi wataonja kitu kisichouzwa.

Shimoni nako kuna mapango yaliyokipa kijiji jina lake. Simulizi za wenyeji husema watumwa walifungiwa humo wakisubiri kupakiwa majahazini. Hapana mahaba mahali hapo, lakini si vizuri kulala ng'ambo ya mapango hayo siku kadhaa bila kuingia hata mara moja na kunyamaza.

Kufika, na kwenda Kisite

Kutoka Nairobi, kuna ndege hadi uwanja mdogo wa Ukunda, au treni ya SGR hadi Mombasa iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Kutoka Mombasa njia ya zamani ni feri ya Likoni. Barabara ya Dongo Kundu sasa humfikisha mtu kusini bila kuvuka feri. Kutoka Ukunda hadi Shimoni ni saa moja hivi kwa gari. Wanaopanda matatu za Lunga Lunga hushuka Kanana, kisha hufuata barabara ya Shimoni kilomita 14 hivi kwa bodaboda au gari dogo. Fedha taslimu zichukuliwe Ukunda, kwani Wasini si mahali pa kutafuta benki. Nahodha atafutwe kupitia mwenye chumba, bei ikubaliwe kabla ya kupanda, na jaketi za kuokolea zihesabiwe.

Hifadhi ya bahari iliyo kusini mwa kisiwa ilitangazwa mwaka 1973, na 1978 ikagawanywa katika sehemu mbili: Kisite, kilomita za mraba 28, ambako uvuvi umekatazwa kabisa, na Mpunguti, kilomita za mraba 11, ambako uvuvi wa jadi unaruhusiwa. Kiingilio hulipwa kwa Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, na mkaazi wa Kenya hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje. Pomboo huonekana mara kwa mara, na nahodha mwema huzima injini na kuwaacha wao waje. Akianza kuwafukuza kwa kasi ili kuwafurahisha abiria, aombwe aache.

Siku ngapi

Watembezaji huuza usiku mmoja au mbili. Mwenye nafasi akae fungate kamili, siku saba, kwa sababu ambayo haihusiani na sherehe. Saa za maji husogea dakika 50 kwa siku. Kwa siku saba husogea karibu saa sita. Wawili wakifika siku ya bamvua watakunywa chai saa nne asubuhi mbele ya mawe makavu, mama akipita na kijiti chake akitafuta pweza. Kesho yake maji yatakuwa yanakawia kidogo kuondoka, keshokutwa zaidi. Siku ya saba tangu hapo, saa ile ile, kwenye kiti kile kile, bahari itakuwa imejaa hadi chini ya baraza, na pale alipokuwa akipita mama yule patapita mashua.